Kudai pensheni ya ulemavu kwa mwenye uvimbe kwenye ubongo

Somo hili ni la wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) walioajiriwa hapa Tanga, pamoja na ndugu wanaowauguza, maana mara nyingi mke au kaka ndiye anayezunguka na bahasha ya picha kwapani.

Kwanza ieleweke kwamba mfuko haulipi uvimbe, bali unalipa uwezo wa kujipatia kipato uliopotea. Mwanachama awe hajafikisha miaka 60, awe amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo huo, na awe na michango ya miezi 180, au ya miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ile iliyotangulia ulemavu. Kwa hiyo anza kwa kuomba taarifa ya michango, na ukikuta miezi ambayo mwajiri alikata bila kuwasilisha, peleka hati za mshahara za miezi hiyo mapema.

Pili, usikimbilie kuacha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Zitumie kukusanya vielelezo.

Hatua ya tatu, ripoti ya daktari, ndiyo nzito kuliko zote. Wagonjwa wetu wengi huanzia hospitali ya Bombo, wakapewa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, kwa upasuaji, wengine wakaenda taasisi ya saratani ya Ocean Road kwa mionzi, na kila hospitali ikabaki na kipande chake cha habari. Omba muhtasari wa kila mahali, majibu ya picha za CT au MRI, na majibu ya kinyama cha uvimbe kama kilichukuliwa kupimwa. Kisha mweleze daktari kazi yako ilivyo. Mfanyakazi mmoja wa mkonge niliyemsaidia alikuwa akilisha majani kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, na ripoti yake ya kwanza ilisema tu: "Amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri." Kidonda kilikuwa kizuri, naam, lakini mkono wa kulia haukuweza kuinua kikombe bila chai kumwagikia sahanini, na kifafa kilimwangusha karibu kila wiki. Mkewe akaanza kuandika katika daftari la shule tarehe, saa, dakika alizopoteza fahamu na muda aliolala baadaye. Daktari alipolisoma, ripoti ya pili ilijaa kurasa mbili.

Fomu zako za madai zikishapokelewa na mfuko, utafika mbele ya bodi ya madaktari. Usiende peke yako. Sisi tukiulizwa hali, hata tukiwa taabani, hujibu "sijambo". Na uvimbe wa sehemu ya mbele ya ubongo waweza kumfanya mgonjwa aamini kwa dhati kwamba hajambo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Chumbageni: Nimeambiwa uvimbe wangu ni meninjioma, si saratani. Je, nimekosa haki?
Jibu: Hujakosa, dada yangu. Uvimbe usio saratani nao hukandamiza ubongo, ukapunguza kuona au kuleta kifafa. Kinachopimwa ni kazi usiyoiweza tena.

Kijana wa Sahare: Shikamoo mwalimu. Baba ni mvuvi, hakuwahi kuchangia mfuko wowote.
Jibu: Marahaba, mwanangu. Pensheni hii haimhusu. Kaya ikiwa maskini sana, ulizia TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa mwenyekiti wa mtaa. Zipo pia asilimia 2 za mapato ya ndani ya halmashauri zilizotengwa kwa vikundi vya watu wenye ulemavu, ila huo ni mkopo usio na riba, na mkopo hurejeshwa.

Mama wa Ngamiani: Mume wangu ameanza kusahau. Nani atatia sahihi?
Jibu: Atie mwenyewe, wiki hii, akiwa bado anaelewa anachosaini, na papo hapo mwende kwa wakili akuandikie hati ya kukupa uwakilishi. Akishapotewa na ufahamu hataweza kuitoa, na hata aliyokwisha kuitoa hukoma, hapo itabidi mwende mahakamani.