Jinsi ya kujua jezi ya zamani ni ya msimu gani

Ukiniletea picha ya mchezaji wa zamani uniulize ni ya msimu gani, rangi ndiyo nitakayoitazama mwisho. Nyekundu ni nyekundu miaka nenda miaka rudi.

Anza na kifua. Tafuta mdhamini, kisha nembo ya kampuni iliyoshona jezi, uone mikataba yao inapokutana. Chukua Arsenal: JVC walikaa kifuani tangu 1981 hadi 1999, na Nike walipokea kazi ya kushona kutoka kwa Adidas mwaka 1994. Kwa hiyo JVC pamoja na Nike ni kati ya 1994 na 1999, basi. Kifua kitupu nacho kisikufanye useme picha ni ya kale mno, maana Barcelona hawakuwa na jina lolote kifuani hadi UNICEF ilipoingia mwaka 2006.

Geuza mgongo. Ligi ya Uingereza ililazimisha namba mwaka 1939, lakini kwa miongo mingi iliyofuata namba ilikuwa ya nafasi, si ya mtu: 1 hadi 11 kwa wanaoanza, kila mechi. Namba 9 peke yake haikwambii ni nani. Namba ya kudumu yenye jina juu yake ilikuja Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 1993/94. Kwenye mkono wa jezi, nembo ya dhahabu ya bingwa wa ligi hiyo huvaliwa msimu unaofuata ubingwa, na hapo wengi hukosea kwa mwaka mzima.

Ukishaupata msimu, tenganisha jezi za ndani ya msimu huohuo. Mfano ninaoupenda ni Arsenal 2005/06. Nyumbani walivaa rangi ya zabibu iliyoiva kuuaga uwanja wao wa Highbury, waliouhamia mwaka 1913. Picha ya mshambuliaji wao Thierry Henry ndani ya jezi ile haihitaji ubishi. Lakini fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Paris, 17 Mei 2006, walicheza na njano. Anayejua ile ya zabibu tu ataitupa picha ya fainali kwenye msimu mwingine kabisa.

Hata mechi moja yaweza kuwa na jezi mbili. Tarehe 13 Aprili 1996 Manchester United walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 3-0 kwa Southampton, wakavua jezi za kijivu, wakarudi na bluu na nyeupe. Mechi ikaisha 3-1. Sababu iliyotolewa ni kwamba wachezaji hawakuonana vizuri. Mimi naona Southampton walicheza vizuri tu.

Kama jezi yenyewe iko mkononi, soma lebo ya ndani kabla ya kulipa, kwa sababu jezi za zamani hutolewa upya kwa mashabiki. Kisha andika nyuma ya picha, kwa penseli: klabu, msimu, nyumbani au ugenini, mashindano, na mpinzani ukimjua.