Somo: kaza halafu achia, namna ya kuushusha mwili uliobaki na hofu

Wakuu habari za jioni. Mimi baada ya ajali ya basi mifupa ilipona fresh, ila mabega yalibaki yamepanda karibu mwaka mzima, honi ya lori ikilia tu taya linajibana lenyewe, na kila mtu ananiambia tulia bwana yamepita. Ndo muuguzi mmoja akanifundisha hii.

Sio uganga na wala sio mpya. Ni ya daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, kitabu chake kilitoka 1929, aliona mtu mwenye wasiwasi misuli yake imekaza hata akiwa amelala chali, na akijifunza kuilegeza wasiwasi nao unashuka. Mafunzo yake yalikuwa marefu sana, baadae Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, akayafupisha.

Zima simu, legeza mkanda, kaa au lala. Usianze umetoka kushindilia ugali.

Hatua ya 1. Kunja ngumi ya kulia, kaza lakini usimalize nguvu zote, hesabu mpaka 7 huku unapumua kawaida. Achia ghafla. Sasa hapa ndo penyewe: kaa sekunde 20 hadi 30 hufanyi kitu, unausikiliza tu mkono. Utasikia joto, au uzito, wengine vijisindano. Wengi wanakaza, wanaachia, haraka wanahamia kiungo kingine, dakika 3 wamemaliza halafu wanasema haifanyi kazi. Kukaza ni kukuonyesha tofauti tu, maana mtu aliyekaa na mabega juu miezi kumi hajui tena kama yapo juu.

Hatua ya 2. Mkono wa kushoto hivyo hivyo, halafu mikono ya juu, kama unamringishia mtu misuli.

Hatua ya 3. Uso. Kunja sura kama umeng'ata ndimu, achia. Taya likilegea meno hayagusani, angalia hilo.

Hatua ya 4. Mabega, yapandishe mpaka masikioni halafu yaache yadondoke. Mimi hapa narudia mara mbili.

Hatua ya 5. Tumbo, mapaja, miguu. Kwenye shavu la mguu vuta vidole kuja kwako, ukivisukuma mbele kwa nguvu msuli utakubana uamshe nyumba nzima.

Malizia na pumzi, vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6. Moyo hupunguza mwendo pale unapotoa pumzi, ndo maana kutoa kunakuwa kurefu. Yote dakika kama 20.

MASWALI

Mama Wawili: Nikifumba macho tu naiona ile siku, nafanyaje?
Usifumbe dada. Tazama kitu kimoja, hata bawaba ya mlango, na uanzie miguuni, sikia sakafu. Ikizidi simama, tembea, taja vitu vitano unavyoviona. Na kama inakurudia kila siku tafuta mtaalamu wa afya ya akili, hii haitoshi peke yake.

Kijana wa Mkuranga: Bi mkubwa ana presha, anaweza kufanya?
Muulize kwanza daktari wake kaka. Kukaza huku umebana pumzi kunapandisha presha, kwahiyo akiruhusiwa akaze kidogo tu na apumue muda wote. Mwenye mgongo mbovu au kidonda cha operesheni, kiungo hicho akiruke.

Msomaji kimya: Nilipofika mabegani nikaanza kulia bila sababu, mke wangu anasema nina mapepo
Hahaha pole mkuu, mwambie shemeji hata mimi nililia, tena siku mbili mfululizo. Kaa nayo ipite, kunywa maji, siku hiyo usiendelee na miguu.

Mama Wawili: Mara ngapi kwa siku?
Mara moja, kila siku, wiki mbili kwanza. Jifunze siku ambazo umetulia, usisubiri lori lipige honi ndo uanze kutafuta hatua ya kwanza.