Povu likiisha mtoni, maji hayajawa salama kwa samaki

Wafugaji wengi wanaojaza mabwawa kwa maji ya mto huyaamini maji hayo mara povu linapotoweka. Kipimo hicho hakitoshi. Sabuni ikiwa mbichi huharibu matamvua, na unaona samaki wakipanda juu kuhema. Ninachohofia zaidi ni kile kinachobaki baada ya sabuni kuvunjika.

Kuna visafishio vya viwandani viitwavyo nonilifenoli ethoksileti, vilivyotumika sana kuoshea sufu na nguo, na pia kuchanganywa na viuatilifu ili dawa ishike kwenye majani. Bakteria wa mtoni huvimegamega mpaka ikabaki nonilifenoli. Hii haiyeyuki vizuri majini, hujificha kwenye tope na kwenye mafuta ya samaki, na ni sumu kali kuliko kisafishio chenyewe. Tena mwili wa samaki huipokea kama homoni ya kike.

Miaka ya 1990, katika mto Aire nchini Uingereza, watafiti waliweka samaki aina ya trauti, madume, kwenye vizimba, mahali palipopokea majitaka ya viwanda vya sufu. Damu ya madume hao ilijaa protini ya kiini cha yai, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na jike, na korodani zao zikadumaa. Kemikali hiyo ya nonilifenoli ilipopunguzwa, madhara yakapungua. Umoja wa Ulaya ulibana matumizi yake mwaka 2005.

Mzalishaji wa vifaranga vya sato hatashangaa. Miligramu 60 tu za homoni ya kiume katika kilo moja ya chakula hutosha kugeuza karibu vifaranga wote kuwa madume. Samaki mchanga huathiriwa hata na homoni kidogo sana.

Kwa hiyo, chota maji upande wa juu wa mto, kabla hayajafika mahali pa kufulia, kuoshea magari au penye kiwanda, kamwe si upande wa chini. Kabla ya bwawa la samaki chimba shimo la kutuliza maji, maana sehemu kubwa ya nonilifenoli husafiri na tope. Tope hilo lisirudi bwawani. Bomba la dawa lisuuzwe shambani, na maji yake yanyunyiziwe mazao yaleyale. Unaponunua kishikizi cha dawa, muulize muuzaji kama kina nonilifenoli, na kama kinayo chukua kingine. Nguo zifuliwe kwenye beseni, maji yamwagwe kwenye nyasi mbali na ukingo. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.