Kukompaili NetHack 3.6 mwenyewe: kupanga machaguo bila kupoteza save zako

Mwongozo huu ni wa anayetaka NetHack (mchezo wa kompyuta) ya mfululizo wa 3.6 (toleo la 3.6.7 lilitoka 2023) iliyopangwa atakavyo, badala ya ile inayoletwa na Ubuntu au Debian. Mchezo umeandikwa kwa C tangu 1987, na msimbo mmoja hukompailiwa Linux, macOS, BSD na Windows. Tofauti zote hizo zinabebwa na makro: mstari mmoja wa `#define` unawasha au kuzima sehemu nzima ya mchezo. Kukompaili kwenyewe hakuna ugumu. Ugumu ni kujua mstari upi una nguvu juu ya mwingine, na kuepuka hatua mbili zinazofuta save (faili za mchezo uliohifadhiwa) bila kuuliza.

Mahali machaguo yanapokaa

Yako sehemu tatu, na ukizichanganya utahariri faili siku nzima bila kuona mabadiliko.

Ya kwanza ni faili la hints, kwa Linux `sys/unix/hints/linux`. Hapa zinawekwa njia za folda, kibanaji cha faili, aina za skrini na maktaba za kuunganisha. Ya pili ni `include/config.h` pamoja na `include/unixconf.h`, ambamo ndimo mna tabia za mchezo wenyewe. Ya tatu ni `sysconf`, faili la maandishi linalosomwa kila mchezo unapowashwa, kwa hiyo hilo halihitaji kukompaili upya.

Shika hili: hints inaishinda `config.h` pale mstari ulipozungushiwa `#ifndef`. Mfano mzuri ni HACKDIR, folda ambamo mchezo unatafuta data zake. Ndani ya `config.h` imeandikwa hivi:

```
#ifndef HACKDIR
#define HACKDIR "/usr/games/lib/nethackdir"
#endif
```

Faili la hints tayari linaipa kompaila `-DHACKDIR=...`, kwa hiyo mstari wa `config.h` haufikiwi kabisa. Unaweza kuubadilisha mara kumi, mchezo utaendelea kwenda kulekule, na hakuna onyo lolote litakalotokea. Folda badilisha kwenye hints, mstari wa PREFIX. Kama ulivyo, unaelekeza ndani ya `~/nh/install`, na kwa mtu mmoja kwenye kompyuta yake hapo panatosha kabisa.

Nayo `sysconf` inazishinda namba za `config.h`. PERSMAX, yaani mara ngapi mchezaji mmoja anaruhusiwa kuonekana kwenye orodha ya washindi, ni 3 katika `config.h`, lakini mchezo ukiwa umekompailiwa na SYSCF, makro inayofanya `sysconf` isomwe (hints ya Linux inaiwasha), namba inayofuatwa ni ya `sysconf`. Vivyo hivyo WIZARD_NAME: ukitaka ruhusa ya kuingia na `-D` (hali ya majaribio), andika jina lako la kuingilia kwenye mstari wa `WIZARDS=` ndani ya `sysconf`, achana na makro.

Matayarisho

Debian na jamaa zake:

```
sudo apt install gcc make bison flex libncurses-dev
```

Mac inataka `xcode-select --install`. Bison na flex usiziruke: 3.6 inajenga kwanza programu ndogo za kusoma ramani za ngazi, na hizo ndizo zinazozihitaji. Ikikosekana ncurses, ujenzi utafeli, ama kwa kukosa `curses.h` ama kwenye hatua ya kuunganisha. Huo si ugonjwa wa mchezo, ni maktaba tu.

Kuhariri

Anza na hints, kabla ya kuendesha chochote. Angalia mambo mawili.

Kwanza kibanaji. Mstari wa COMPRESS unataja `/bin/gzip`. Andika `which gzip` kwenye terminali uone jibu. MacOS na FreeBSD zinaiweka `/usr/bin/gzip`. Njia ikiwa si sahihi kompaila haitalalamika, kwa sababu kwake hayo ni maandishi tu. Utajua unapohifadhi mchezo, na huo si wakati mzuri wa kujua. Alama za `\"` zinazozunguka njia ziache zilivyo, ukiziondoa, kompaila inapokea njia ambayo si maandishi ya C tena na makosa yanamwagika kwenye faili ambalo hukuligusa.

Pili skrini. Ukitaka skrini ya curses pamoja na ile ya kawaida ya maandishi (tty), vitu vitatu lazima viende pamoja: `-DCURSES_GRAPHICS` kwenye CFLAGS, `$(WINCURSESSRC)` na `$(WINCURSESOBJ)` kwenye WINSRC na WINOBJ, na maktaba yake kwenye WINLIB. Ukiwasha makro peke yake utapata `undefined reference to 'curses_procs'`: msimbo unaiita skrini ambayo faili zake hazikukompailiwa. Baada ya hapo mchezaji anachagua mwenyewe ndani ya `~/.nethackrc`:

```
OPTIONS=windowtype:curses
```

Sasa `config.h`. Machaguo yaliyozimwa yameandikwa hivi: `/* #define KITU */ /* maelezo */`. Kuwasha, ondoa alama zote mbili zinazolizunguka neno, ile ya mwanzo na ile ya mwisho. Watu wengi huondoa `/*` ya mbele na kuiacha `*/`. Kwa makro inayoulizwa kwa `#ifdef` tu, kosa hilo linapita kimya. Kwa makro inayobeba thamani, kosa litatokea mbali sana na hapo na utatafuta mchawi bure. Kuzima mstari ulio na maelezo mbele yake, usiufunge wote ndani ya `/* */`, kwa maana C hairuhusu maoni ndani ya maoni. Uzungushie `#if 0` na `#endif`.

Machaguo yanayostahili kufikiriwa ni machache. INSURANCE iache imewashwa: ndiyo inayowezesha programu ya `recover` kuufufua mchezo uliokatika umeme ukiwa katikati. Wenye umeme wa kukatika-katika wanajua thamani yake. DUMPLOG inaandika muhtasari wa mchezo unapokufa, lakini ina pande mbili: makro inaipa programu uwezo, na mstari wa DUMPLOGFILE ndani ya `sysconf` unasema faili liende wapi. Hakikisha mstari huo upo na haujaanza na `#`. Mfano wa kawaida unaelekeza `/tmp`, ambayo Linux nyingi huisafisha kompyuta ikizimwa. Peleka kwenye folda yako unayoweza kuandika.

MAIL iko `unixconf.h`. Inaleta barua pepe za mashine ndani ya mchezo kupitia shetani-tarishi. Leo karibu hakuna anayepokea barua kwa njia hiyo, na kuizima ni sawa kabisa, ila amua sasa hivi kabla hujaanza kucheza. Sababu inafuata.

Kujenga

```
cd sys/unix
sh setup.sh hints/linux
cd ../..
make all
```

`setup.sh` ndiyo inayolichukua faili la hints na kulimwaga ndani ya Makefile za kila folda. Kwa hiyo ukihariri hints baada ya hapo, Makefile hazijui lolote. Lazima uiendeshe tena, na hata hivyo haitoshi. `make` inajenga upya faili la `.o` pale chanzo chake (`.c`) au faili lake la kichwa (`.h`) lilipobadilika. CFLAGS zikibadilika haioni tofauti. Matokeo yake ni programu ambayo nusu imejengwa kwa machaguo ya zamani na nusu kwa mapya. Kila unapogusa hints, fuata mpangilio huu bila kuruka:

```
make spotless
cd sys/unix && sh setup.sh hints/linux && cd ../..
make all
```

`spotless` inafuta pia faili zilizotengenezwa na `makedefs`, ambazo `make clean` inaziacha. Kwenye kompyuta ya kawaida ujenzi wote ni suala la dakika, kwa hiyo hakuna cha kuokoa kwa kufupisha.

Kusakinisha: hapa ndipo watu wanalia

`make install` inaanza kwa kufuta HACKDIR na VARDIR (folda ya faili zinazobadilika) zote kwa `rm -rf`. Ndani yake mna save zako, orodha ya washindi iitwayo `record`, faili za mifupa (bones) ya wachezaji waliokufa, na `sysconf` uliyoihariri. Kwa usakinishaji wa kwanza ni sawa. Kuanzia wa pili tumia:

```
make update
```

Hii inaweka programu na data mpya bila kufuta faili zinazobadilika. Hata hivyo nakili kwanza, kwa sababu ya hatari ya pili.

Wakati wa kujenga, `makedefs` inaandika ndani ya programu alama ya usanidi: toleo, baadhi ya makro zilizowashwa, idadi ya vitu na mazimwi, na ukubwa wa miundo ya data. Kila save inabeba alama hiyo. Ukizima MAIL, makro yenyewe imo kwenye alama, nayo haitalingana tena. Ukifungua save ya zamani utaona `Configuration incompatibility for file`, na baada ya ujumbe huo mchezo unalifuta faili la save na kukuanzishia mchezo mpya. Hauulizi. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha programu mpya:

```
cp -a ~/nh/install/games/lib/nethackdir ~/nh/akiba
```

Ndani ya folda ya `save` utaona majina kama `1000juma.gz`: namba ni UID yako (namba ya mtumiaji kwenye mfumo), kisha jina la mchezaji, kisha kibanaji. Hayo ndiyo yenye thamani. Bora zaidi, ukiwa na mchezo unaoendelea, umalizie na programu ya zamani, ndipo ubadilishe. Kwa sababu hiyohiyo save ya Linux ya biti 64 usitarajie isomeke kwenye mashine ya biti 32 au Windows. Ukubwa wa miundo unatofautiana.

Kuhakiki

Soma `dat/options`. Faili hili linatengenezwa wakati wa ujenzi na linaorodhesha machaguo yaliyoingia kweli. Kisha `nethack --showpaths` inaonyesha folda na `sysconf` inayotumika. Usihamishe folda baada ya kusakinisha: njia zimegandishwa ndani ya programu, na utapata `Cannot chdir to` au kuambiwa `sysconf` haifunguki. Ukitaka mahali pengine, badilisha PREFIX na urudie tangu `make spotless`.

Kwenye Windows mantiki ni ileile ila majina mengine: `include/ntconf.h` inachukua nafasi ya `unixconf.h`, na `sys\winnt\nhsetup.bat` ndiyo inayoandaa Makefile. Huna haja ya kuizima `#define UNIX` ndani ya `config.h`, `config1.h` inaiondoa yenyewe ikiona kompaila ni ya Windows.