Kuchunguza Busha kwa Ultrasaundi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Matabibu wa Mwambao

Katika mkoa wa Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, uvimbe wa mfuko wa korodani ni jambo la kawaida kiasi kwamba jina la ugonjwa hutajwa hata kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Mwanamume ana uvimbe, uvimbe una maji, basi ni busha, na uchunguzi wa picha huishia hapo. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya matabibu, madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo na wataalamu wa radiolojia wanaoanza kazi, ili kuwasihi wasiishie hapo. Maji ya busha huonekana kwa urahisi katika mashine yoyote, hata iliyochakaa. Linalohitaji ujuzi ni kuiona korodani iliyo nyuma ya maji hayo na kuthibitisha kwamba ni nzima, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama mgonjwa atasubiri zamu yake ya upasuaji kwa utulivu au atapaswa kupelekwa kwa daktari wa upasuaji leo hii.

Sababu kubwa ya busha katika mwambao wetu ni mnyoo aitwaye Wuchereria bancrofti, anayeenezwa na mbu. Mjini kazi hiyo hufanywa zaidi na mbu aina ya Culex, wanaozaliana katika vyoo vya shimo na maji machafu yaliyotuama, na vijijini Anopheles, walewale wanaoeneza malaria. Minyoo waliokomaa hukaa ndani ya mirija ya limfu (maji ya mwilini yanayorudishwa kwenye damu), na kwa wanaume hupendelea mirija ya mfuko wa korodani, ndiyo maana mabusha ni mengi kuliko matende ya miguu miongoni mwa wanaume wa pwani. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu wa matende na mabusha ulianza mwaka 2000 kisiwani Mafia, kisha ukaenea mikoa mingine kwa kugawa ivermektini pamoja na albendazoli. Dawa hizo hupunguza vimelea katika damu na kukata maambukizi, lakini haziyaondoi maji yaliyokwisha kujaa. Maji hayo hayo yanaweza pia kuletwa na jeraha, maambukizi ya bakteria, kifua kikuu au saratani ya korodani, na yote hayo, yakitazamwa kwa nje, huweza kufanana.

Hatua ya kwanza: Uliza kabla ya kupima

Fomu nyingi za maombi ya kipimo huandikwa neno moja tu, «busha», na neno hilo halimwongozi mpimaji popote. Kabla ya kugusa mashine, mwulize mgonjwa kwa heshima na kwa lugha iliyo wazi: «Shikamoo mzee. Uvimbe huu ulianza lini? Je, hupungua ukilala, au hubaki vilevile? Umewahi kupata homa pamoja na maumivu ya kinena?» Uvimbe uliokua polepole kwa miaka bila maumivu huelekeza kwenye busha. Uvimbe unaopungua mgonjwa anapolala na kurudi anaposimama huelekeza kwenye ngiri. Uliza pia kuhusu kuanguka au kupigwa, kukohoa kwa muda mrefu, kupungua uzito, na kukojoa damu, kwa sababu kichocho cha mkojo kipo katika maeneo yetu na huweza kugusa viungo vya uzazi.

Iko hali moja isiyosubiri foleni. Kijana aliyepatwa na maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, pengine pamoja na kutapika, achukuliwe kuwa korodani yake imejisokota mpaka ithibitike vinginevyo. Korodani iliyojisokota hupona zaidi ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze. Ikiwa mashine iko mbali au mpimaji hayupo, mpeleke mgonjwa moja kwa moja kwa daktari wa upasuaji, kwa sababu kusubiri picha katika hali hiyo ni kuipoteza korodani.

Hatua ya pili: Stara

Wazee wengi huja na ugonjwa huu baada ya kuuficha kwa miaka, na akiaibishwa mara moja mgonjwa hatarudi. Funga mlango, toa watu wasiohusika, na mweleze kila utakachofanya kabla hujakifanya. Mwombe alale chali, aulaze uume juu ya tumbo na kuufunika kwa msuli wake mwenyewe, kisha weka taulo lililokunjwa chini ya mfuko wa korodani ili uinuke na kutulia. Mpimaji akiwa mwanamke, mgonjwa aulizwe kwanza kama ameridhia, na awepo msaidizi. Jeli iwe na uvuguvugu, kwa sababu jeli ya baridi huifanya misuli ikaze na kuivuta korodani juu, na kipimo kizima kikawa kazi ya kuikimbiza.

Hatua ya tatu: Iandae mashine

Tumia proba (kifaa cha mashine kinachowekwa kwenye ngozi) nyoofu ya masafa ya juu, megahezi 7 hadi 12 au zaidi, inayoonyesha vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi. Busha likiwa kubwa sana, proba hiyo haitafika nyuma ya maji. Hapo chukua proba ya mviringo unayopimia tumbo, utafute korodani ilipo, kisha urudi na proba nyoofu upande ule ilikoegemea. Kumbuka kwamba mawimbi ya sauti hayapungui nguvu yanapopita katika maji kama yanavyopungua katika nyama, hivyo kila kilicho nyuma ya maji kitaonekana cheupe kupita kiasi. Punguza nguvu ya mwangwi kwa sehemu ya chini ya kioo, la sivyo weupe huo utaifunika korodani yenye kasoro ikaonekana kama korodani nzima.

Hatua ya nne: Anza na upande usiouma

Upande mzima ndio kipimo chako cha kulinganishia, kwa hiyo urekebishe mashine ukiwa hapo na usiibadilishe tena unapohamia upande wa pili. Korodani ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 3 hadi 5 na upana wa sentimita 2 hadi 3, na rangi yake ya kijivu huwa sawasawa kote. Epididimisi, mrija uliojikunja unaohifadhi mbegu, hukaa juu na nyuma yake. Kisha pata picha moja ya mkato inayoonyesha korodani zote mbili kwa pamoja, na uihifadhi. Tofauti ndogo ya rangi au ya mtiririko wa damu, ambayo ungeipita ukiangalia upande mmoja mmoja, hujitokeza mara moja zikiwa pamoja kwenye kioo.

Hatua ya tano: Pita maji, itafute korodani

Sasa hamia upande wenye uvimbe. Maji ya busha hukusanyika kati ya kuta mbili za utando unaoizunguka korodani mbele na pembeni. Nyuma utando huo haufiki, na hapo ndipo korodani iliposhikamana na ukuta. Kwa sababu hiyo, katika busha la kawaida utaikuta korodani imesukumwa nyuma. Katika busha la miaka mingi inaweza kuwa imebanwa ikabaki bapa. Usiandike kwamba umeiona mpaka umeipima kwa urefu na kwa upana, kwa sababu donge la utando ulionenepa huweza kumdanganya mpimaji mwenye haraka.

Baada ya hapo yatazame maji yenyewe. Maji safi huwa meusi kabisa. Katika busha kuukuu huonekana chembe nyingi nyepesi zinazoelea taratibu kama vumbi katika mwanga wa jua, na mara nyingi hizo ni fuwele za kolesteroli zisizo na madhara. Lakini chembe hizohizo kwa mtu aliyepigwa jana huweza kuwa damu, na kwa mwenye homa na ngozi nyekundu yenye joto huweza kuwa usaha, kwa hiyo picha isomwe pamoja na maelezo ya mgonjwa uliyoyapata mwanzoni. Andika kama kuna kuta zinazoyagawa maji, kama utando umenenepa, na kama una chokaa. Utando ulionenepa unazuia pia mwanga wa tochi, hivyo tabibu aliyejaribu kumulika kwenye zahanati na kuona giza asikanushe busha kwa sababu hiyo peke yake.

Hapa naomba nisisitize jambo. Kutoboa busha kwa sindano ili kupunguza maji, bila kujua korodani imelala wapi na bila kuhakikisha kwamba hakuna utumbo wala saratani ndani, ni hatari kubwa kwa mgonjwa, na hata kukifanikiwa maji hurudi.

Hatua ya sita: Watafute minyoo walio hai

Mwaka 1994 watafiti wa Recife, Brazili, akiwemo Dkt. Gerusa Dreyer, walieleza jinsi ultrasaundi inavyoweza kuwaonyesha minyoo wa matende wakiwa hai ndani ya mirija ya limfu ya mfuko wa korodani. Mnyoo jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, lakini ni mwembamba kama uzi, hivyo kinachoonekana zaidi ni mwendo wake: kujinyonganyonga kwa ghafla, bila mpangilio, ndani ya mrija uliopanuka. Weka proba juu ya kamba ya mbegu (fungu la mishipa na mrija wa mbegu linalopanda kutoka korodani), juu kidogo ya korodani, kisha uutulize mkono kabisa na usubiri angalau nusu dakika. Mwendo wa mshipa wa damu hufuata mapigo ya moyo. Mwendo wa minyoo haufuati chochote, tena hurudiwa mahali palepale kila unapopima, kwa kuwa kiota chao hakihami.

Utawapata zaidi kwa vijana wenye uvimbe mdogo au wasio na uvimbe wowote. Katika busha kubwa la zamani ni nadra, kwani mara nyingi minyoo wamekwisha kufa wakati madhara yao yakiendelea. Kwa hiyo kutowaona hakukanushi ugonjwa. Pendekeza kipimo cha antijeni (chembe za minyoo zinazotafutwa katika damu), ambacho huweza kufanywa saa yoyote, au damu ya hadubini ichukuliwe kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku, kwa sababu vimelea wachanga wa huku kwetu huingia katika damu ya pembezoni wakati huo.

Hatua ya saba: Tenganisha na ngiri

Panda na proba hadi kwenye kinena. Busha huwa na mwisho wa juu unaoonekana, lakini ngiri huendelea hadi ndani ya tumbo. Mwombe mgonjwa akohoe, ajikaze kama anayekwenda haja kubwa, kisha asimame, na uangalie kama kuna kitu kinachoshuka. Utumbo hujulikana kwa mwendo wake wa kusukuma chakula na kwa hewa inayong'aa, na mafuta ya tumboni huonekana meupe na hayana mwendo wake mwenyewe. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na vyote viwili, na daktari wa upasuaji anahitaji kulijua hilo kabla hajakata.

Katika kujikaza huko angalia pia mishipa ya vena. Ikizidi milimita 3 na kupanuka zaidi mgonjwa anapojikaza, imevimba. Ikiwa iko kulia pekee, au imetokea ghafla kwa mtu mzima, pima na figo, kwani uvimbe wa tumboni huweza kuwa unaibana.

Hatua ya nane: Iangalie korodani kwa ndani, na damu yake

Pitisha proba polepole kutoka ncha hadi ncha, kwa urefu na kwa mkato. Donge gumu lililo ndani ya korodani yenyewe lichukuliwe kuwa saratani mpaka ithibitike vinginevyo, na hasa kwa kijana, hata kama limezungukwa na maji mengi na hata kama kijana huyo anatoka kijiji ambacho mabusha yamejaa. Asichomwe sindano kupitia ngozi ya mfuko, kwa sababu hilo laweza kuzisambaza seli za saratani. Endelea palepale kupima tumbo: limfu ya korodani hupanda hadi kwenye tezi zilizo kando ya mshipa mkuu wa damu, karibu na figo, hivyo kinena kisicho na uvimbe hakikupi uhakika wowote. Madonge yaliyo nje ya korodani mara nyingi hayana hatari kubwa, ila epididimisi iliyovimba kwa miezi, yenye rangi mchanganyiko na hasa mkiani (ncha yake ya chini), ikukumbushe kifua kikuu.

Kwa Dopla, yaani sehemu ya ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu, iweke mashine ipokee mtiririko wa kasi ndogo, kwani damu ya korodani hutembea polepole, na uthibitishe kwanza kwamba unaiona upande mzima. Damu ikizidi pamoja na uvimbe wa epididimisi, fikiria maambukizi. Ikikosekana, fikiria kujisokota na upige simu chumba cha upasuaji. Korodani iliyojisokota nusu huweza kubaki na mtiririko kiasi, kwa hiyo Dopla inayoonekana nzuri isimrudishe nyumbani kijana ambaye dalili zake zinasema vingine.

Hatua ya tisa: Andika ripoti inayojibu

Taja ukubwa wa kila korodani, rangi yake, mtiririko wa damu, kiasi na sura ya maji, unene wa utando, hali ya kinena, na kama minyoo walitafutwa. Hitimisho liwe sentensi ambayo daktari wa hospitali ya Muheza au ya Bombo ataifanyia kazi bila kukupigia simu, kwa mfano: «Busha la kulia lenye maji safi, korodani ya kulia imesukumwa nyuma na ni nzima, hakuna ngiri, anafaa kupelekwa kwa daktari wa upasuaji bila dharura.»

Ikiwa korodani haikuonekana, liandike hilo katika mstari wa kwanza wa hitimisho, upendekeze kipimo kirudiwe kwa mashine bora zaidi au daktari aikague kwa macho wakati wa upasuaji. Kisha mgeukie mgonjwa, ambaye muda wote amekuwa akikutazama usoni, umwambie ulichokiona: «Mzee, maji yapo, lakini korodani yenyewe ni nzima. Dawa za kumeza hazitayamaliza maji haya. Upasuaji ndio tiba, na barua hii umpe daktari mwenyewe.»