Kunasa alama za vidole katika maabara ya shule

Kidole kinapogusa kioo huacha mchoro wa matuta yake kwa jasho na mafuta. Jasho ni la kidole chenyewe, ila mafuta siyo. Ngozi ya ncha za vidole haina tezi za mafuta, kwa hiyo yanayoonekana pale yametoka usoni na kwenye nywele, mtu alipojigusa bila kujua. Hapo ndipo mazoezi mengi ya kwanza yanapokwama: wanafunzi wananawa kwa sabuni, wanajikausha, wanashika glasi, kisha wanapaka unga na kioo kinabaki kitupu. Kabla ya zoezi, kila mmoja apitishe vidole pembeni mwa pua au kwenye paji la uso, asubiri nusu dakika, ndipo aguse kioo. Abonyeze kidogo na kuinua kidole wima. Kikiteleza hata milimita moja, matuta yanafutana na hakuna unga utakaoyarudisha.

Maelekezo haya ni ya kikundi cha wanafunzi wanne. Unga na iodini vinamalizika katika vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80. Ulinganisho uwe siku nyingine, maana ndiyo kazi ngumu zaidi na haitaki haraka.

Kila kikundi kiwe na glasi mbili safi zisizo na nakshi, kipande cha bati jeusi au kava la plastiki jeusi, brashi laini ya kupakia poda usoni (mpya, haijawahi kuguswa na vipodozi), selotepu angavu ya upana wa milimita 48, kadi nyeupe na nyeusi za manila za sentimita 8 kwa 12, rula, simu yenye kamera, tochi, glavu na barakoa. Tandika magazeti mezani na uzime feni.

Unga mweusi hupatikana kwa masizi. Shika kifuniko cha bati kwa koleo ndani ya mwali wa mshumaa, pale kwenye njano, si juu yake. Acha kipoe, kwangua masizi kwa kadi, kisha chekecha kwa soksi ya nailoni. Nusu kijiko cha chai kinatosha vikundi vitatu. Masizi ya koroboi yana mafuta ya taa na hugandana, kwa hiyo yaache. Mkaa uliotwangwa unaweza kutumika, lakini chembe zake ni kubwa na hukwaruza alama. Kwa vitu vyeusi tumia poda ya mtoto. Wino wa unga wa mashine ya fotokopi unavutia kwa wembamba wake, lakini vumbi lake halifai kuvutwa na wanafunzi darasani; usiutumie. Huko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa unyevu wa hewa hufanya unga ushikamane. Uhifadhi kwenye chupa yenye punje za mchele mkavu zilizofungwa kwenye kitambaa.

Kabla ya kugusa kielelezo, yaani kitu chenye alama inayochunguzwa, kikundi kiweke alama moja ya majaribio kwenye kioo kingine cha aina ileile na kuanza na hiyo. Ikishindikana, umepoteza alama ya majaribio tu. Wataalamu hufanya hivyo kazini, na mwanafunzi anayeruka hatua hii arudishwe mwanzo.

Sasa kielelezo chenyewe. Mulika tochi kwa mlazo, karibu usawa wa kioo, uone alama zilipo. Piga picha hata kama hazionekani vizuri, rula ikiwa ndani ya picha na kamera ikitazama kioo wima. Unga ukishaingia hakuna kurudi nyuma, na picha hiyo ndiyo ushahidi wa hali ya mwanzo. Mimina unga kidogo kwenye karatasi, gusisha ncha ya brashi, kisha kung'uta. Brashi ionekane kama haina kitu. Ipitishe juu ya kioo kwa wepesi, ncha za nywele tu zikigusa, huku ukizungusha mpini kati ya vidole. Tuta la kwanza likijitokeza, fuata mkondo wake badala ya kulikata. Kisha safisha brashi na upite tena bila unga ili kuondoa uliozidi.

Karibu kila kikundi hutia unga mwingi mno. Mifereji kati ya matuta hujaa na alama huwa doa jeusi. Kosa la pili ni kugusa nywele za brashi kwa mkono: zikipata mafuta, hupaka michirizi popote zipitapo. La tatu ni chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ikitoa jasho unga huwa tope, kwa hiyo iache ikauke yenyewe, wala usiifute. Mbao zisizopigwa msasa, ukuta wa chokaa na kitambaa havifai kwa unga. Mwalimu asipoteze muda navyo.

Kunasa kwa selotepu: vuta kipande cha sentimita 10 kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati, unabaki mstari wa gundi utakaofanana na kovu kwenye alama. Bandika upande mmoja kwanza, kisha sukuma kwa kidole gumba polepole kuelekea upande wa pili ili hewa itoke. Inua na ubandike kwenye kadi: nyeupe kwa masizi, nyeusi kwa poda. Papo hapo andika kwenye kadi namba ya kielelezo, tarehe, saa, mahali alama ilipokuwa, mshale wa upande wa juu na sahihi ya aliyenasa. Kadi inapobadilisha mikono, anayetoa na anayepokea watie sahihi kwenye hati ya makabidhiano. Kadi isiyo na maandishi itupwe mbele ya darasa, hata kama alama yake ni nzuri kuliko zote. Uzuri wake hautaeleza ilitoka wapi.

Kwa karatasi, unga haufai sana. Tumia fuwele za iodini, ambazo maabara nyingi za sekondari tayari zinazo kwa ajili ya kupima wanga. Mvuke wake huwasha macho na koo, kwa hiyo fanya kazi kwenye kabati la kufyonza hewa au nje, mkiwa mmeupa upepo mgongo, na glavu mkononi. Chukua chupa ya jamu yenye mdomo mpana na kifuniko cha plastiki (cha bati kitaliwa na iodini). Tia fuwele kama 0.1 g, ning'iniza karatasi kwa uzi isiguse fuwele, funga, kisha simamisha chupa kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 50. Baada ya dakika chache matuta ya kahawia huanza kuonekana. Iodini imeingia kwenye mafuta tu, haikufungamana nayo, ndiyo maana rangi hutoweka dakika chache baada ya karatasi kutolewa. Kamera iwe tayari kabla ya kufungua chupa.

Ukitaka alama idumu, chemsha 1 g ya unga wa muhogo katika mililita 100 za maji hadi uji uangaze, upoe, uutie kwenye chupa ya kupulizia. Mara karatasi itokapo, subiri kidogo rangi ya nyuma ipungue, kisha puliza ukungu mwembamba kutoka umbali wa sentimita 30. Matuta hugeuka bluu-nyeusi. Ila aina nyingi za karatasi za kuandikia zimetiwa wanga kiwandani, nazo zinaweza kugeuka nyeusi zote. Jaribu kwanza karatasi tupu, au anza na karatasi ya chujio, ambayo haina wanga. Mabaki ya iodini na madoa ya mezani huondolewa kwa myeyusho wa sodiamu thayosalfeti. Rangi ikiisha, iodini imeisha.

Njia ya supa gluu, iliyoanzia Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, ni nzuri kwa plastiki. Weka kielelezo kwenye boksi la plastiki angavu, pamoja na kikombe cha maji ya moto kwa ajili ya unyevu na matone 8 ya gundi juu ya karatasi ya alumini iliyofunika kikombe kingine cha maji ya moto. Funika, tazama kila dakika tano, na simamisha mara alama ya majaribio inapokuwa nyeupe. Ukichelewa, mifereji nayo hujaa. Fungulia nje. Usitumie jiko, kwa sababu gundi ikichomwa sana hutoa gesi zenye sumu, na usiidondoshe kwenye pamba, kwani huchemka na inaweza kuunguza mkono.

Siku ya ulinganisho, chukua alama za vidole za wanafunzi waliojitolea. Pedi ya muhuri ndiyo bora: kidole kibingirishwe mara moja kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine, kidole gumba kuelekea mwilini, vingine kwenda nje. Shule nyingi hutumia njia ya penseli: mwanafunzi anasugua kidole kwenye karatasi iliyopakwa penseli ya 2B, anabandika selotepu juu ya kidole, kisha anaihamishia kwenye kadi. Inatoa picha safi, lakini ina mtego ambao umewapotosha wengi. Alama ya wino, na ile iliyonaswa kwenye glasi, zote ni mguso, yaani kinyume cha kidole kama kwenye kioo cha kujitazamia. Alama ya penseli inaonyesha kidole chenyewe. Ukizilinganisha bila kugeuza mojawapo, kidole kilekile kitaonekana cha mtu mwingine. Dawa ni kubandika selotepu ya penseli kwenye plastiki angavu na kuitazama kwa nyuma, au kugeuza picha kwenye simu. Tatizo hilohilo humkuta anayepiga picha ya alama akiwa upande wa nyuma wa glasi. Kwa alama ya poda nyeupe, geuza pia rangi, maana pale matuta ni meupe.

Kwanza angalia umbo la jumla: kitanzi, mzunguko au tao. Vitanzi ni takriban 60 hadi 65 kwa mia ya vidole vyote, mizunguko 30 hadi 35, matao kama 5. Upangaji wa maumbo haya kwa namba ulifanyiwa kazi Calcutta, India, na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, chini ya Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, na ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa huko mwaka 1897. Mtindo wa kusajili watu kwa vidole ulifika pia Kenya ya mkoloni, ambako mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho, chenye alama zake. Wanafunzi wakumbuke hilo wanapoombwa vidole vyao. Umbo pekee halimtambulishi mtu. Linaweza kumwondoa tu. Utambuzi hutafutwa kwenye vituo vidogo: mahali tuta linapoisha, linapogawanyika kama njia panda, linapokuwa kisiwa, au mawili yanapozunguka ziwa.

Hapa shika utaratibu. Kikundi kipewe kwanza kadi ya alama ya kielelezo peke yake, kiweke nukta nyekundu kwenye kila kituo kinachokiona wazi, na kisaini. Ndipo kipewe kadi tano za wino. Kituo kisiongezwe baada ya kadi hizo kufunguliwa. Sababu ina historia: mwaka 2004 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitangaza kwamba alama iliyopatikana Madrid baada ya milipuko ya treni ilikuwa ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, na wataalamu kadhaa wakakubaliana. Polisi wa Hispania wakaonyesha kuwa ni ya mtu mwingine. Uchunguzi uliofuata ulikuta kwamba baadhi ya vituo "vilionekana" kwenye alama ya Madrid baada ya wataalamu kutazama alama ya wakili. Jicho likishajua linachotafuta, hulipata.

Kwa hiyo mwalimu ahakikishe kikundi kimoja angalau kinapewa kadi tano ambazo mwenye alama hayumo, na vikundi visiambiwe ni kipi. Majibu yawe matatu: ni yeye, si yeye, haitoshi kuamua. Jibu la tatu lipewe maksi kamili linapostahili, la sivyo wanafunzi watabahatisha. Wakiuliza ni vituo vingapi vinatosha, waambie ukweli: hakuna idadi moja ya dunia nzima. Uingereza na Wales zilidai 16 hadi mwaka 2001, kisha zikaacha. Kituo kimoja kinachopingana bila maelezo kina uzito kuliko vingi vinavyofanana. Mwisho, mwanafunzi wa kikundi kingine arudie kazi bila kuona jibu la kwanza.

Vidole vya wanafunzi ni taarifa binafsi, na sheria za Kenya (2019) na Tanzania (2022) zinazilinda. Omba ridhaa ya mzazi, tumia namba badala ya majina, usiruhusu picha zitumwe kwenye makundi ya simu. Kipindi kikiisha, kadi zote zihesabiwe, zichomwe mbele ya wenyewe, na picha zifutwe kwenye kila simu.