Kufunga mfumo wa kupuliza maji kwenye injini ya tabo, kwa joto letu la Dar

Kijana mmoja alileta Subaru Forester gereji wiki iliyopita. "Shikamoo fundi." Marahaba. Hata boneti hajafungua: "Nataka unifungie maji, halafu tupandishe busti mpaka 1.4." Nikamwambia maji nitakufungia, hilo la busti (shinikizo la hewa ambayo tabo inaisukumia injini, kwa bari) tutaliongea baada ya mwezi. Akanuna. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yake na wenzake, maana wengi wanaoulizia maji wanataka nguvu za farasi, wakati maji kazi yake ya kwanza ni kuilinda injini uliyonayo.

Tuelewane kabla ya kushika spana. Sizungumzii pampu ya maji ya rejeta. Wala sizungumzii kile kitufe cha Impreza STI kinachorushia maji mapezi ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka tabo) kwa nje. Kile kinapoza chuma tu, na kwenye hewa nzito ya Dar mwezi wa nne hakifui dafu, kwa sababu maji hayakauki upesi hewa ikishashiba unyevu. Dodoma kingefanya kazi vizuri zaidi. Hapa nazungumzia kupuliza ukungu wa maji ndani ya njia ya hewa, baada ya intakula, uingie silinda pamoja na hewa na petroli.

Sababu ni joto. Chukua mchana wa kawaida, nyuzi 32. Tabo ikitoa busti ya bari 1, hewa imekandamizwa mara mbili ya ile ya nje, na kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 hewa hiyo inatoka ikiwa na nyuzi kama 127. Intakula inapunguza, lakini ya Subaru imelala juu ya injini na inategemea upepo wa tundu la boneti. Ukae nusu saa kwenye foleni ya Mwenge, intakula inageuka sufuria juu ya jiko. Foleni ikifunguka unakanyaga, hewa ya moto inaingia, na mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia. Huko ndiko kugonga: mlio wa kokoto ndani ya kopo. Kompyuta ikisikia inarudisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nyuma, gari linakuwa zito kama limebeba mchanga. Ikichelewa kusikia, pistoni inakatika pale kati ya ringi na ringi. Wenye Subaru ugonjwa huo wanaujua. Ongeza na hili: magari mengi ya tabo tunayoyaleta yalipangwa Japani kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao haiwi chini ya okteni 96, okteni ikiwa kipimo cha petroli kustahimili kugonga.

Maji yanaingia hapo. Kilo 1 ya maji ikigeuka mvuke inameza kilojuli kama 2,260 za joto. Petroli kilo 1 inameza takriban 350. Kwa hiyo ukungu kidogo tu unapoza kuliko petroli ya ziada ambayo injini humwaga ili isiungue.

Wazo lenyewe la zamani. Ndege za vita vya pili vya dunia ziliruka nalo. Mwaka 1962 Oldsmobile waliuza Jetfire, gari la tabo lenye chupa ya maji na methanoli. Wenye magari wakawa hawaijazi chupa, gari linajipunguzia busti, malalamiko yakajaa, na kufika 1965 kampuni ikawa inajitolea kuzing'oa zile tabo. BMW walirudi na M4 GTS, tanki la lita 5 kwenye buti, na likikauka kompyuta yenyewe inapunguza nguvu. Kumbuka hiyo chupa iliyokauka, tutairudia.

Hatua ya 1: Pima injini kwanza

Pima kompresheni silinda zote. Angalia plagi, mipira ya hewa na klipu zake, na uvujaji wa oili kwenye tabo. Injini mgonjwa usiifungie maji, utakuwa unaficha ugonjwa. Kisha chomeka skana, endesha barabara moja unayoijua, uandike kompyuta inarudisha taimingi kiasi gani kwa sababu ya kugonga. Karatasi hiyo itunze.

Hatua ya 2: Hesabu ya nozeli

Hapa ndipo watu wanapobahatisha, na hesabu yenyewe ni ya darasani. Injini ya farasi 250 ikikanyagwa mpaka mwisho hula petroli karibu lita 1.4 kwa dakika. Maji yanayotumika huwa kati ya asilimia 10 na 20 ya petroli. Mimi naanza na 15, sawa na mililita 210 kwa dakika.

Sasa nozeli huandikwa kiasi inachotoa kwa shinikizo fulani. Tuseme umeshika iliyoandikwa mililita 190 kwa bari 7. Pampu yako inasukuma bari 10, lakini busti ya bari 1 inaisukuma kinyume, kwa hiyo zimebaki 9. Gawanya 9 kwa 7, tafuta kipeuo cha pili, unapata 1.13. Zidisha kwa 190: mililita 215 kwa dakika. Hiyo nozeli ni yako.

Usichukue kubwa kwa kudhani maji mengi ndiyo ulinzi mwingi. Maji yakizidi yanazima cheche, injini inamisi, gari linavuta kwa kukaba. Hata kwa nozeli sahihi mimi hubana mwanya wa plagi mpaka milimita 0.7.

Hatua ya 3: Tanki na pampu

Tanki la lita 5 kwenye buti, lifungwe kwa mkanda wa chuma, siyo kamba ya manila. Pampu ni ya diaframu, volti 12, na ikae chini ya usawa wa tanki, kwa sababu inapenda kupokea maji, haipendi kuyanyonya. Kati ya tanki na pampu weka chujio. Kuna wanaotumia pampu za mashine za kunyunyizia dawa mashambani. Zinafanya kazi, ila pima kwanza kwa geji kama bari 10 zinafika kweli. Mpira wa nailoni wa milimita 6 upitishe chini ya zulia, mbali na ekzozi.

Ndani ya tanki weka kielea cha kuonya maji yakipungua, na taa yake iwe mbele ya macho yako kwenye dashibodi. Bila kielea mimi sifungi.

Hatua ya 4: Nozeli na valvu ya umeme

Nozeli ikae baada ya intakula na kabla ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), ipulize kuelekea injini. Kama gari lako lina sensa ya joto au ya kupima hewa eneo hilo, nozeli iwe baada ya sensa, upande wa injini, ili maji yasiipige. Kwa Forester nafasi ni finyu, kwa hiyo natoboa shingo ya intakula inapotokea kuelekea throto. Intakula ivuliwe kabisa kwenye gari. Usitoboe ikiwa imefungwa. Chembe za alumini zikiingia silinda hutazitoa kwa kupuliza na mdomo. Kwa hesi ya NPT 1/8 tundu ni la milimita 8.6 hivi, kata hesi taratibu, osha, puliza kwa kompresa, ndipo ufunge.

Valvu ya umeme nayo, ile inayofunga maji pampu ikizima, iwe karibu na nozeli. Somo hili nililipia mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilimfungia mteja nozeli baada ya throto, kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), na valvu sikuweka, nikaona ni kuongeza gharama. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, manifoldi inanyonya kwa nguvu. Akakaa kwenye foleni ya Buguruni, manifoldi ikanyonya maji kidogo kidogo, gari likaanza kutetemeka, akazima. Alipowasha: tak! Starta imekwama. Alinipigia simu na sauti yake siisahau.

Kwa injini ya lita 2 yenye mgandamizo wa 8 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni mililita kama 70, yaani kikombe kimoja cha kahawa ya mtaani. Maji hayakandamiziki. Yakijaza kikombe hicho, kitakachopinda ni koni rodi, mkono unaoshika pistoni. Tulifungua plagi zote, tukapiga starta, maji yakaruka mpaka kwenye fenda. Rodi zilisalimika kwa sababu injini ilikuwa haijashika moto. Ingekuwa inazunguka, ningeuza kiwanja.

Hatua ya 5: Umeme

Waya wa pampu utoke betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri, upite rilei. Rilei iamshwe na swichi ya shinikizo, na swichi ipate umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Mpira wa swichi uchukue busti baada ya throto. Gari la busti ya bari 1, nategesha maji yaanze bari 0.6. Ukiwa na kontrola ya kupandisha maji taratibu kadiri busti inavyopanda ni bora zaidi, lakini swichi ya kawaida inatosha kuanzia.

Hatua ya 6: Pima nje ya injini

Chomoa nozeli, ielekeze ndani ya chupa iliyokatwa, washa pampu sekunde 60, pima. Nje hakuna busti ya kuipinga, kwa hiyo kwa mfano wetu tegemea kama mililita 227. Tazama na umbo: unataka ukungu kama wa chupa ya kunyooshea nguo. Ukiona uzi wa maji, nozeli ina uchafu. Zima, subiri dakika tano. Likidondoka hata tone, valvu haifungi.

Hatua ya 7: Maji gani

Maji yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukawa maji tena), basi. Maduka ya betri yanayo, ila soma chupa vizuri, maana jina "maji ya betri" watu wanalitumia hata kwa yale makali yenye asidi. Hayo yakiingia kwenye mfumo huu umekwisha.

Maji ya bomba yana madini. Yakikauka yanabaki kwenye nozeli na valvu. Ya kisima ni balaa zaidi. Mteja wa Kigamboni alijazia ya kisima chao, ya chumvi, na wiki ya tatu nozeli ilikuwa imeziba kabisa huku pampu ikinguruma kama kawaida na yeye akiamini analindwa.

Yanayodondoka kwenye AC ya nyumbani watu huniuliza kila siku. Madini hayana mengi, na BMW waliwahi kuonyesha gari la majaribio linalojikusanyia maji ya kiyoyozi chake. Lakini ya nyumbani kwako yamepita kwenye sinia la vumbi na ukungu. Mimi siyatumii.

Kuhusu methanoli: nchi za baridi wanachanganya nusu kwa nusu, sehemu ya sababu ni maji yasigande. Dar hakuna kuganda. Ni kweli inaongeza okteni, lakini ni sumu inayopofusha na kuua, inapenya ngozi, na mwali wake mchana hauonekani. Tanki lipo kwenye buti nyuma ya watoto wako. Anza na maji matupu.

Hatua ya 8: Barabarani

Rudi barabara ileile ya hatua ya 1, saa ileile. Usitafute joto la hewa kushuka kwenye skana, kwani kwa Forester hizi sensa hiyo iko kwenye kipimo cha hewa kabla ya tabo, haijui kinachotokea baada ya intakula. Linganisha taimingi. Kompyuta ikiacha kuirudisha nyuma kama ilivyokuwa, maji yanafanya kazi, na gari utalisikia jepesi bila kugusa busti. Likimisi kwenye mzunguko wa juu, shuka nozeli moja.

Wiki ya kwanza angalia dipstiki kila asubuhi. Oili ikifanana na chai ya maziwa, kuna maji yanapita pasipotakiwa. Simamisha gari.

Sasa busti ya yule kijana. Kwa mililita 215 kwa dakika, lita 5 za tanki zinaisha kwa dakika 23 na ushee za kupuliza mfululizo. Mjini hutazimaliza kwa wiki. Safari ya Iringa, kupanda Kitonga na mzigo, tanki linaweza kukauka katikati ya mlima. Gari lenye busti yake ya kiwandani litakuwa zito tu, kompyuta itajilinda. Gari lililopandishwa kwa kutegemea maji halina pa kukimbilia. Kwa hiyo masharti yangu ni mawili: sensa ya mtiririko inayoshusha busti yenyewe maji yakikatika, na ushahidi kwamba kwa mwezi mzima hukuacha taa ya kielea iwake siku mbili. Amekubali la kwanza. La pili amesema taa ilishawaka juzi, ila alikuwa na haraka.

Kila ukimwaga oili, fungua nozeli na kichujio chake, viloweke kwenye siki ya jikoni usiku mmoja, suuza kwa maji yaleyale yaliyokenekwa, kisha rudia kipimo cha chupa cha hatua ya 6.